Sare Iliyochuja kwenye Harusi ya Asia

Buzebazeba, Ujiji
3 Novemba 1997

Mwanangu Ikram, jicho langu la kulia,

Assalaam alaikum, na shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma. Hapa nyumbani wote tunapumua vizuri. Baba yako kifua kinambana asubuhi, lakini hakimbani akitaka kwenda kwa wavuvi Kibirizi kuchagua migebuka. Paa la jikoni linavuja, maana mvua za mwaka huu si za kawaida, hata redio imezipa jina la kigeni. Mbuzi wa Mama Frida ameingia uani akala miche yangu ya mchicha. Nimemsema mbuzi, kisha nikamsema mwenye mbuzi.

Harusi ya mdogo wako Asia ilifana. Sisemi kwa kujisifu, watu ndio wanasema, mimi nawasikiliza tu. Pilau lilibaki hadi tukawapa wapita njia. Bwana harusi alilia alipomwona bibi harusi, na mimi nikasema moyoni, lia baba, umepata binti wa Mwamini, unacheza? Wote waliuliza, Ikram yuko wapi? Nikawaambia Ikram ni mtu wa mahakama, mahakama haifungwi kwa sababu ya pilau. Wakarudi kwenye sahani. Mama Frida peke yake akauliza kama wewe hutaolewa mpaka mdogo wako azae. Nikamwongezea nyama. Wewe utanijibia, ukipenda.

Sasa kuna jambo. Nilitaka nisikuandikie, lakini nitakuandikia.

Unajua toka Katonga mpaka Gungu, mtu akioza binti anakuja kwangu kwanza kuuliza, Bi Mwamini, tuvae nini? Sare zote za mtaa huu nimechagua mimi. Sasa ya mwanangu mwenyewe si ndiyo ingekuwa taji? Tatizo ni kwamba tangu vita vya ng'ambo ya ziwa vianze, vitenge vya waksi vya Kongo, vile visivyochuja, haviji. Zamani ng'ambo ilituletea vitenge, siku hizi inatuletea watu. Nikazunguka weee, mpaka nikafika Kigoma mjini, kwenye duka la bwana mmoja Nikodemu, duka jipya lina kioo. Akanitolea kitenge cha bluu chenye mikia ya tausi, mwanangu, ungekilamba. Akaapa mbele yangu: "Hii ni waksi halisi ya Kongo, mama. Hata mjukuu wako atairithi." Nikawachukulia wanawake wote wa sare. Kila mmoja alitoa chake, na wengine unawajua, walikopa.

Siku ya harusi tunamsindikiza Asia, tukafika pale penye shule, mvua ikashuka. Ikram! Ile bluu ilitutoka kama tumechinjwa. Shingo bluu, mikono bluu, miguu bluu. Shangazi wa bwana harusi alivaa gauni jeupe ndani, likawa la samawati. Kuna mwanamke alimkumbatia bibi harusi akamwachia viganja viwili mgongoni. Mama Frida akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani, "Mama Ikram, leo umetuvalisha wino!"

Nilicheka na wao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Ndiyo maana nataka uje. Panda treni, vaa lile joho jeusi, simama mbele ya hakimu umtikise huyo Nikodemu. Mtaa mzima nimeshawaambia unakuja.

Mimi mama yako,
Mwamini, Mama Wakili

*

Dar es Salaam
17 Novemba 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Baba naye shikamoo, mwambie kifua akiwekee mvuke wa mchaichai, asinywe chai ya rangi tu. Mimi ni mzima. Chumba ninachokaa kinaingia maji kidogo, nimeinua godoro juu ya matofali. Asia ameshaniandikia kuhusu viganja viwili mgongoni. Anasema hatalifua lile gauni, ataliweka ili awaonyeshe wanawe. Kwa hiyo usidhani amekasirika.

Mama, nitakwambia tena, na safari hii usimfiche mtu: mimi si wakili. Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo. Napokea madai, naandika, naita majina, napanga mafaili. Sina joho. Joho uliloliona kwenye picha ni la bosi wa rafiki yangu, tulilivaa kwa utani.

Na hata ningekuwa wakili, nisingeweza kukusaidia, maana kwenye mahakama ya mwanzo mawakili hawaruhusiwi. Wewe mwenyewe ndiwe unayesimama na kusema, kwa Kiswahili, na Nikodemu naye anasimama na kusema. Hakimu anakaa na wazee wa baraza wawili, wanasikiliza, wanaamua. Imewekwa hivyo makusudi, ili mtu mwenye kitenge kilichochuja asishindwe na mtu mwenye fedha ya wakili. Na mama, kama kuna mtu Kigoma nzima aliyezaliwa kwa ajili ya kusimama na kusema, ni nani?

Lakini usiende mahakamani kwanza. Nenda dukani kwake na mtu mwingine wa kusikia, umweleze kwa upole, umwombe abadilishe au arudishe. Wengi hapo hapo wanakubali. Akikataa, ndipo nenda mahakama ya mwanzo, umweleze karani. Huhitaji kuandika kitu, yeye ataandika unavyosema, atakusomea, utatia sahihi. Kuna ada ndogo. Nikodemu atapelekewa samansi. Siku ya kesi mpeleke kila mtu aliyesikia akiapa na kila kitambaa kilichochuja. Neno alilokuapia ndilo kesi yenyewe, mama, kuliko hata rangi. Mtu akikuuzia kitu kwa kukwambia ni hiki, lazima kiwe hiki.

Lile swali la Mama Frida nitalijibu siku nikiwa na jibu.

Mwanao,
Ikram (karani)

*

Buzebazeba, Ujiji
8 Desemba 1997

Mwanangu Ikram,

Salamu zako tumezisoma kwa sauti, baba yako akakohoa pale penye mchaichai, akasema mwambie nimesikia. Asia amehamia kwa mumewe, mtaa wa Mwanga, jana kaleta vitumbua, vibichi katikati, nimemsifu. Maji ya ziwa yamepanda mpaka wachuuzi wa dagaa Kibirizi wamesogeza vichanja vyao vya kuanikia juu.

Barua yako nimeielewa. Ukarani niliuelewa tangu mwanzo. Lakini ukimtazama karani wa mahakama ya Dar kutoka huku Ujiji, ni wakili tu. Umbali ndio unafanya.

Nilikwenda kwa Nikodemu kwa upole ulioniagiza. Nilimchukua Honorata wa kusikia, maana ndiye aliyekuwa nami siku ya kununua. Kufika tu, "Aa, Mama Wakili! Mpeni mama kiti. Mpeni soda." Soda nikanywa, maana haki haikatazi soda. Nikamwambia, "Nikodemu baba, kitenge chako kimechuja."

"Kimechuja? Mama, kile ni kitenge cha kucheza taratibu. Nyinyi mmekicheza kwa nguvu."

"Tulinyeshewa."

"Basi kashitaki mvua."

Vijana wa dukani wakacheka. Nikamwambia uliniapia ni waksi halisi ya Kongo. Akasema, "Nilisema ni kizuri. Si kizuri?" Honorata akadakia, "Baba, ulisema waksi ya Kongo, mi' niko hapa nilikusikia." Nikodemu akamtazama kuanzia miguuni: "Huyu mkimbizi ndiye shahidi wako?" Honorata hakupandisha sauti hata kidogo. Akamwambia, "Mi' nilikimbia risasi, baba. Sikukimbia kitenge."

Nilitaka kumpigia vigelegele hapo hapo.

Basi nikaenda mahakamani. Karani wao ni kijana mpole, nikamwambia nami nina wangu mwenye kazi kama yako, akanyanyuka akanipa kiti chake. Akauliza, "Unadai nini, mama?"

Nikasema, "Nadai jina langu."

Akasema, "Jina hatuna fomu yake, mama. Tuandike kitenge."

Nikamwambia andika kitenge, lakini wewe mwenyewe ujue ni jina. Maana nikueleze, Ikram, usimwambie baba yako kwamba nimesema hivi. Frida anaolewa baada ya Pasaka. Mama Frida kila siku alikuwa anasema, Bi Mwamini atatuchagulia. Juzi nimesikia wanawake wanakwenda mjini wenyewe kutazama vitambaa. Wamepita mlangoni kwangu na mikoba yao, wakanisalimia vizuri sana. Salamu ndefu kabisa. Mtu akikusalimia kwa urefu ule ujue kuna kitu anakiruka.

Kesi imewekwa mwezi wa pili, baada ya Idi. Kila mmoja ataleta gauni lake lililochuja. Na tuna bahati moja. Honorata hakushona chake. Siku ya harusi alivaa gauni langu la zamani, kitenge akakiweka cha siku ya kurudi kwao Uvira. Bado kina nembo ya karatasi, kimekunjwa vile vile kilivyotoka dukani, kiko ndani ya sanduku chini ya kitanda chako.

Mama yako,
Mama Wakili (nimezoea)

*

Dar es Salaam
5 Januari 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwako na baba. Barua yako ya Desemba imenifikia leo, reli imekatwa na maji na mifuko ya posta ililala Dodoma. Sijui hii itakufikia lini. Nimempa mtu anayekwenda mpaka Tabora, kisha Mungu ataijua. Huku tunafuturu kwa maji ya mvua, nyumba ya pili kwetu ukuta umeanguka, hakuna aliyeumia.

Mama, nimesoma "chini ya kitanda chako" mara kadhaa. Kitanda changu? Katika barua ya kwanza huyu Honorata hakuwepo kabisa, katika ya pili anakwenda nawe dukani, na sanduku lake liko chumbani kwangu. Ni nani? Amekuja lini? Naona pia aliletewa kitenge cha sare kama mtu wa nyumbani. Sikasiriki. Nataka tu kujua nani analala kwenye mto wangu.

Kuhusu kesi, nisikilize. Hicho kitenge kisichoshonwa ni cha thamani kuliko magauni yote. Magauni Nikodemu atasema mmeyafua kwa sabuni kali. Kwa hiyo kisiguswe na maji. Msikijaribu, hata kwa hamu. Kipelekeni kikavu na nembo yake, umwombe hakimu kiloweshwe pale pale mbele ya watu wote, kwa maji ya mahakama, na kama wanataka sabuni basi Nikodemu alete yake. Lakini kwanza mwombe mwenyewe mwenye kitenge, umwombe vizuri. Mtu anayekiweka kitambaa cha siku ya kurudi kwao haombwi kama unaomba chumvi.

Na kuna jambo moja hujaliandika, nami nimelitafuta kwenye barua zote. Nimekulia mlangoni kwako, naijua desturi. Anayechagua sare huomba maji dukani, analowesha pembe ya kitambaa mbele ya wenzake, anaifuta kwenye leso nyeupe. Leso ikibaki nyeupe ndipo watu wananunua. Mama, pembe ulilowesha?

Mwanao,
Ikram

*

Buzebazeba, Ujiji
16 Februari 1998

Mwanangu Ikram, jicho langu,

Habari kubwa nimeiweka mwisho. Usiruke. Nakujua.

Idi tulisali salama. Asia amejifunza vitumbua, sasa vinaiva mpaka katikati, na nasikia hapendi harufu ya samaki siku hizi, mimi sijasema kitu. Baba yako amenunua mwavuli, anautumia hata jua likiwaka ili watu wauone.

Barua yako ilifika zimebaki siku chache tu kesi ianze, imelowa, imekauka, imelowa tena. Nimeisoma kwa kuibandua.

Kuhusu kitanda, ni kweli, ningekuambia. Honorata alikuja na mashua mwaka juzi, Novemba ile ya watu wengi, na mguu wake umevunjika. Alipewa kibali akae mjini kwa sababu ya hospitali. Nilimkuta ameketi kwenye mchanga pale Kibirizi na sanduku moja, anaongea Kiswahili kile cha bibi yangu, kile kile, anaita jioni mangaribi. Ningempitaje? Babu zangu walivuka ziwa hili hili, na kuna mtu aliwapa mahali pa kulala. Nikamweka chumbani kwako kwa wiki moja. Basi wiki imekuwa ndefu. Mto wako nimekuhifadhia, anatumia wangu.

Nilimwomba kitenge kama ulivyosema. Alikitoa sandukuni akakiweka magotini. Akasema, "Mama, siku ya kurudi kwetu sijui iko lini. Siku ya kesi inajulikana. Aksanti, beba." Nikakipokea kwa mikono miwili.

Sasa kesi. Mahakama ilijaa, Ikram! Wanawake wote wa sare na magauni yao kwapani, na Mama Frida mstari wa mbele, hakuja kwa ajili yangu, alikuja kuona. Hakimu ni mama kijana mwenye miwani, kulia na kushoto kwake wazee wa baraza wawili. Nikodemu amevaa suti. Nikasimama nikasema mwanzo mpaka mwisho, bila kukohoa. Hakimu mara moja tu aliniambia, "Mama, mambo ya pilau tuyaache."

Honorata akaeleza kiapo alichokisikia. Nikodemu akasema mavazi yalifuliwa kwa sabuni yetu ya mawese, sabuni ya kuchubua masufuria. Wanawake nyuma wakaguna. Ndipo nikatoa kitenge cha Honorata, kikavu, na nembo, nikasema maneno yako yote uliyonifundisha. Hakimu akamwuliza Nikodemu, "Hiki ni cha dukani kwako?" Nembo ni yake, angesemaje? Akasema ndiyo.

Tarishi akaleta beseni la maji ya bomba la mahakama. Hakuna sabuni. Wakachovya pembe tu. Mzee wa baraza wa kulia akatoa leso yake nyeupe mfukoni, imepigwa pasi, akafuta. Akaiinua juu. Bluu! Bluu kama kalamu! Akaitazama, akamtazama Nikodemu, akasema, "Na leso yangu nani ataibadilisha?" Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza, na yeye mwenyewe kaficha mdomo na faili.

Hapo Nikodemu akazusha jambo dogo, hakimu akaniuliza swali, nikajibu, yakaisha. Halina haja ya kuchosha mkono.

Hukumu: Nikodemu awape wanawake wote kitambaa kisichochuja cha aina aliyoiapia, kabla ya Pasaka, au awarudishie walichotoa. Na cha Honorata kwanza.

TUMESHINDA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili baba yako aone bila miwani.

Mama yako,
Mama Wakili, siku ya leo hata ukikataa

*

Dar es Salaam
20 Machi 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na baba shikamoo, mwavuli nao shikamoo. Nimeruka, mama. Nilianza na TUMESHINDA kisha nikarudi kwenye vitumbua. Nilipiga ukelele ofisini mpaka hakimu wetu akatoka kuuliza nani amefiwa. Nikamwambia, mama yangu kashinda kesi. Akasema, wakili wake nani? Nikasema, hana.

Asia ameniandikia. Usimkasirikie, nilimwuliza mimi. Ameniambia lile "jambo dogo" ulilolipita.

Anasema Nikodemu alisimama akasema: "Mheshimiwa, huyu mama ndiye mchaguzi wa sare, Ujiji nzima inamjua. Desturi yao ni kulowesha pembe dukani. Ndoo ya maji ilikuwepo. Hakulowesha. Aliyeacha kulowesha amekikubali kitambaa kilivyo, sasa ananilaumu nini?" Hakimu akakuuliza, ulilowesha? Asia anasema ulikaa kimya mpaka watu wakasikia mvua kwenye bati. Alidhani umeishiwa. Mama Frida alisogea mbele kwenye benchi. Kisha ukasema, na Asia ameyaandika kama ulivyoyasema:

"Sikulowesha. Alinipa kiti, akaniita Mama Wakili mbele ya watu, akaniapia. Mtu amekupa heshima na kiapo, wewe umwombe ndoo ya maji? Niliona haya. Hayo ya kuona haya ni yangu, nimeyabeba tangu siku ya harusi. Lakini rangi si yangu. Rangi ni yake."

Na hakimu akasema kuona haya kwa mnunuzi hakumfanyi muuzaji kuwa mkweli. Aliyeapa ndiye mwenye mzigo.

Mama, nimefanya kazi hii miaka kadhaa. Nimesikia watu wakisema uongo mdogo kwa sababu ya mambo madogo zaidi ya hayo. Ungesema tu ulilowesha, nani angekupinga? Wenzako wangekutetea. Hukusema. Ndiyo maana waliamini na mengine yote. Nimewasomea wenzangu hapa maneno yako, yule mzee wetu wa baraza akaomba nirudie.

Mwambie Honorata chumba ni chake mpaka aamue mwenyewe. Nikija tutalala wawili, mimi upande wa ukuta. Na mto wangu mpe, mama, wewe unahitaji wako.

Na nakuja. Lile swali, jibu ninalo. Anaitwa Mwinshehe, fundi wa simu, kwao Tanga, ana adabu na anakula sana, utampenda. Sikukwambia kwa sababu ungewaambia watu ni injinia. Wazee wake watakuja huko reli ikipona.

Nimebakiwa na ombi moja tu. Watu wa Tanga ni watu wa nguo, wanajua kutazama. Sitaki mtu mwingine. Utuchagulie sare.

Mwanao,
Ikram

*

Buzebazeba, Ujiji
20 Aprili 1998

Mwanangu Ikram,

Assalaam alaikum. Idi ya kuchinja tulikula nyama, Pasaka tukala kwa jirani, kifua cha baba yako hakijasema neno. Asia ni kama nilivyodhani, usinunue kitu chochote bado. Huyo Mwinshehe nimeshamwombea dua. Fundi wa simu inatosha. Kwa watu nimesema fundi wa simu, hivyo hivyo, sikuongeza chochote isipokuwa kwamba ni mrefu. Ni mrefu?

Nikodemu ameleta vitambaa vyote kwa gari lake mwenyewe. Cha Honorata ni cha kijani chenye majani ya muhogo, ameshakishona. Nilimwuliza, si ulisema cha siku ya kurudi? Akasema, "Mama, nitarudi nikiwa nimevaa. Nisipovaa sasa, watanijuaje huko?" Mto amepokea. Anasema una harufu ya shule.

Siku chache kabla ya harusi ya Frida, Mama Frida alikuja. Kitenge chao walikwisha kununua wenyewe mjini. Aliweka juu ya mkeka kitenge kimefungwa kwenye gazeti, na pembeni akaweka bakuli la maji na leso yake. Nililowesha, nikafuta, nikamwonyesha. Akasema, "Haya, Bi Mwamini." Kisha akasema yule mbuzi watamfunga. Harusini mvua ilinyesha tena na wote tulibaki na rangi zetu.

Yale ya Asia nimeyasoma. Kama ameyaandika ameyaandika.

Sare yako nimeshachagua. Rangi ya kahawa yenye maua meupe, wa Tanga wakitazama watazame mpaka wachoke. Nimenunua kwa Nikodemu. Ndiyo, kwake. Siku hizi akiniona mlangoni analeta ndoo kabla ya soda. Nililowesha pembe zote nne mbele yake, mbele ya vijana wake, mbele ya wateja waliokuwepo, kisha nikaingia katikati ya kitambaa nikalowesha na hapo. Ndipo nikanywa soda.

Ndani ya bahasha nimekuwekea leso niliyofutia. Igeuze pande zote, mwonyeshe na yule mzee wenu wa baraza. Ukiona doa dogo la kahawia upande mmoja, hiyo ni chai ya baba yako, si kitenge.

Mama yako,
Mwamini, Mama Karani